Voliumu Kwanza, Biti Baadaye: Gharama za Kuhamisha Santuri Mwanza

Santuri nyingi zilizosalia katika nyumba za kandokando ya ziwa, kuanzia Mwanza kupanda Musoma hadi Shirati, na ng'ambo kule Bukoba, ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Ukisoma karatasi ya katikati utakuta jina la wimbo na mbele yake imeandikwa sehemu ya 1. Geuza, sehemu ya 2. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hadi tano tu, na bendi zetu hazikuwa na haraka hiyo. Basi maneno yakawekwa upande wa kwanza, na upande wa pili wakaachiwa wapiga magitaa: ile sehemu ambayo wanamuziki wa dansi waliiita chemko, na ambayo kwenye benga ndiyo watu walikuwa wakiingojea tangu mwanzo.

Mpangilio huo ndio unaomponza anayetaka kuhamishia santuri zake kwenye kompyuta. Anaweka sindano sehemu ya 1, anatazama mita kwenye skrini, anarekebisha hadi aridhike, anarekodi. Anageuza. Gitaa la solo linaingia, besi inapanda, mita inagonga nyekundu, sauti inapasuka. Akiipunguza katikati ya wimbo, siku ya kuunganisha pande mbili kutakuwa na ngazi palepale penye utamu. Akiiacha, amerekodi mpasuko. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kifaa chochote, mnunuzi aulize hivi: sauti ikizidi, naipunguzia wapi?

Dukani swali hilo halipendwi. Katika maduka ya vifaa vya muziki na kompyuta pale katikati ya jiji, muuzaji atakutajia biti na kilohezi. "Mzee, hii ni biti ishirini na nne, kilohezi mia moja tisini na mbili, studio kabisa." Hakudanganyi, namba hizo zimeandikwa kwenye boksi. Ila kwa kazi ya santuri zinakuja nyuma sana.

Tufanye hesabu yake. Santuri iliyo katika hali nzuri ina nafasi ya desibeli 60 hadi 70 hivi kati ya mvumo wake wa chini na kilele cha muziki. Santuri iliyopita kwenye baa mbili na sherehe za ndoa ina pungufu ya hapo. Kurekodi kwa biti 16, kiwango kilekile cha CD, kunakupa desibeli 96, kwa sababu kila biti moja huongeza karibu desibeli 6. Sasa chukulia umeogopa, ukaacha nafasi ya desibeli 12 nzima juu ya kilele cha wimbo. Umepoteza biti mbili. Umebaki na desibeli 84, ambazo bado ni nyingi kuliko chochote kilichomo kwenye mfereji wa santuri. Rekodi ya chinichini unaipandisha baadaye kwa programu, kwa sekunde chache, na hakuna sikio litakalojua. Biti 24 zinakuongezea nafasi ya kuogopa zaidi, basi.

Sauti iliyogonga dari ni habari nyingine. Kifaa kinachobadilisha umeme wa sauti kuwa namba kina kikomo, na kila kinachopita hapo hukatwa, kilele kinakuwa bapa. Ni sawa na sangara aliyekatwa kichwa na mkia ili aenee kwenye ndoo: hata ukileta ndoo kubwa kesho, kichwa hakirudi. Zipo programu zinazodai kurudisha vilele vilivyokatwa, lakini zinachofanya ni kukisia, na kwa gitaa la benga lenye nyuzi kali makisio hayo husikika.

Hapo ndipo penye hila ambayo haiandikwi kwenye maboksi. Kwenye kadi nyingi za sauti za USB za bei nafuu, ile slaidi ya kurekodia unayoiona kwenye Windows au kwenye programu ya Audacity inapunguza namba baada ya ubadilishaji kwisha. Ukiishusha, mita inashuka, unaridhika, na mpasuko umebaki uleule, safari hii kwa sauti ndogo. Kujipima ni rahisi: rekodi kipande kikali zaidi cha santuri yako, kisha vuta mchoro wa mawimbi uukuze. Vilele vikiwa bapa, kama vimekatwa kwa rula, huku havijafika mstari wa juu kabisa, ujue sauti ilikatwa kabla ya slaidi. Kinachohitajika ni voliumu ya kuzungusha kwa mkono iliyo kati ya santuri na kibadilishaji. Mafundi wa studio huiita geini. Ukiwa nayo, kifaa cha biti 16 kinatosha kabisa. Ukiikosa, kifaa cha biti 24 kitakupasulia wimbo vilevile.

Bei nitakazotaja ni za makadirio, za maduka ya ng'ambo, na nimekokotoa kwa shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi. Juu yake weka VAT ya asilimia 18, usafiri, na faida ya mwenye duka kama unanunulia hapa. Anayeagiza kupitia Dar es Salaam aongeze nauli ya basi la mizigo.

Njia ya bure kabisa ni simu. Unaiweka mbele ya spika, unabonyeza, umemaliza. Nisiidharau: kama shida yako ni kumtumia shangazi aliye Oman kipande cha wimbo kwenye WhatsApp ili akuambie ni bendi gani, simu imetosha. Lakini kinasa sauti cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na mara nyingi kina mfumo wa kujirekebisha wenyewe. Muziki ukitulia kinapandisha, na pamoja nao kinapandisha mikwaruzo, feni na jogoo wa jirani. Chemko likiingia kinashusha ghafla. Utasikia wimbo ukipumua. Hilo halitibiki.

Njia ya pili, ambayo inaonekana ya bure lakini ni ghali, ni tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato. Tundu hilo kwa kawaida ni la sauti ya upande mmoja tu, limetengenezwa kwa ajili ya umeme mdogo mno wa maikrofoni, na ndani yake kuna kikuzaji kinachoweza kuongeza desibeli 10, 20 hata 30. Linatoa pia volti kidogo za kuendeshea maikrofoni, ambazo kifaa chako hakizihitaji. Ukilisukumia sauti ya amplifaya, itapasuka hata slaidi ikiwa kwenye moja kati ya mia. Wapo wanaoshinda siku nzima wakihangaika na slaidi hiyo, wakidhani santuri ndiyo mbovu. Kama huna njia nyingine, zima kikuzaji, kile kinachoandikwa Microphone Boost, na uzime mbwembwe zote za kuboresha sauti zilizomo kwenye Windows. Halafu anza kutafuta njia nyingine.

Njia ya tatu naipenda, kwa sababu vifaa vyake viko mitaani. Kompyuta za mezani za mtumba zinazoingia kutoka Ulaya, zile za maofisi, nyingi zina matundu matatu nyuma: ya kijani ni ya spika, ya waridi ni ya maikrofoni, na ya buluu ni ya kupokea sauti iliyokwisha kukuzwa. Tundu la buluu ndilo letu. Ni la stereo, halina kikuzaji cha maikrofoni, na kwa kompyuta ambayo tayari unayo gharama yake ni waya mmoja wenye vichwa vyekundu na vyeupe upande huu na kichwa kidogo cha simu upande wa pili. Elfu chache.

Ila tundu la buluu haliwezi kupokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye kinanda cha santuri chenye kichwa cha sumaku. Kichwa hicho hutoa kama milivolti 5 tu, na sauti yake imepunguzwa besi na kuongezwa ukali kwa makusudi wakati wa kukata santuri, kwa kanuni ya RIAA iliyoanza kutumika mwaka 1954. Kinahitajika kikuzaji maalumu kinachoirudisha kama ilivyokuwa. Amplifaya za zamani zinacho, nyuma ya tundu lililoandikwa PHONO. Kama mzee wako aliacha amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1970 au 1980, usiiuze kwa bei ya vyuma. Tafuta nyuma yake tundu lililoandikwa REC OUT au TAPE OUT, ndilo linalokwenda kompyuta.

Voliumu kubwa ya mbele ya amplifaya, ile unayozungusha ili spika zilie, haina kazi yoyote kwenye REC OUT. Sauti hutoka pale kabla ya kufika kwenye voliumu. Mtu anazungusha hadi majirani wanalalamika, mita ya kompyuta haitikisiki. Tundu la hedifoni ndilo linalofuata voliumu, na linaweza kutumika kwa kuanza sifuri na kupandisha polepole, ingawa huongeza mvumo kidogo. Kwenye nyaya za spika usiguse. Umeme wa pale umetengenezwa kusukuma spika, na ukiuingiza kwenye kompyuta unaweza kuondoka na kadi ya sauti, pengine na ubao mzima.

Wenye redio-grama, zile kabati zenye redio na kinanda pamoja, wana kesi yao. Nyingi zina kichwa cha fuwele au cha kauri, ambacho hutoa umeme mwingi kuliko cha sumaku na hakihitaji RIAA, lakini ukikiunganisha moja kwa moja na kompyuta besi inakufa kwa sababu tundu la kompyuta linakinyonya. Sauti ichukuliwe baada ya amplifaya yake ya ndani, na fundi anayejua. Sindano yake pia ni nzito. Santuri unayoipenda usiizungushe humo mara nyingi.

Kama kompyuta yako ni mpakato isiyo na tundu la buluu, ndipo unapohitaji saundi kadi ya nje. Inayojulikana zaidi kwa bei ya chini ni Behringer UCA222, karibu dola 30, yaani shilingi 75,000. Ukiweka VAT ni 88,500 kabla ya usafiri. Ndugu yake UFO202, bei inakaribiana, ina kikuzaji cha RIAA ndani pamoja na skrubu ya kufungia waya wa ethi, kwa hiyo asiye na amplifaya ya zamani achukue hiyo. Zote ni za biti 16 na kilohezi 48. Na zote hazina voliumu ya kuingizia sauti.

Twende taratibu hapa, maana ndipo fedha ya wengi inapopotelea. Milivolti 5 zikikuzwa mara mia zinakuwa nusu volti. Hicho ni kiwango cha kawaida. Santuri ya 45 haikukatwa kwa kiwango cha kawaida. Upande mfupi huruhusu mifereji mipana, na santuri hizi zilikusudiwa kusikika baa penye kelele. Kinyume chake, albamu ya mizunguko 33 iliyobanwa dakika 25 upande mmoja, kama nyingi za filamu za Kihindi zilizojaa katika nyumba za wafanyabiashara wa zamani wa Mwanza, lazima ikatwe kwa mifereji myembamba, hivyo sauti yake ni ndogo. Kilele cha santuri ya 45 kinaweza kuruka mara tatu ya kiwango cha kawaida, yaani volti moja na nusu. Dari la UCA222 ni volti moja na robo hivi. Albamu ya Kihindi itapita salama. Benga itapasuka, na slaidi ya Windows haitakusaidia.

Dawa yake ipo kwa fundi redio yeyote wa Igoma, Kirumba au Buhongwa, na ndiyo ninayomshauri msomaji mwenye bajeti ndogo. Mwambie akutengenezee kisanduku chenye voliumu moja ya stereo, ile yenye safu mbili zinazozunguka pamoja, ya kilo-omu 10, aina ya logi. Anaweza kuitoa kwenye redio iliyokufa, mradi haina mikwaruzo ukiizungusha. Aiweke ndani ya kopo la bati, bati liunganishwe na ethi ya nyaya ili kisivute mvumo wa umeme. Upande mmoja unaingia REC OUT, upande wa pili unakwenda kwenye kadi. Kazi ya saa moja. Bei ni maelewano yenu, na hata fundi akikupiga kidogo bado kisanduku hicho hakitakaribia pengo la bei kati ya kadi ya dola 30 na kadi inayofuata. Kwa mwenye UFO202 kisanduku hiki hakifanyi kazi akitumia kikuzaji chake cha ndani, kwa sababu sauti ya kichwa cha santuri ni ndogo mno kupitishwa kwenye voliumu ya namna hiyo. Ndiyo maana kwa mtu mwenye amplifaya nachagua UCA222, ijapokuwa UFO202 inaonekana ina kingi zaidi.

Asiyetaka mambo ya mafundi aangalie ART USB Phono Plus. Ni karibu dola 100, shilingi 250,000. Ina kikuzaji cha RIAA, ina voliumu ya geini mbele kabisa, na ina taa inayowaka sauti inapokaribia kupasuka. Ni ya biti 16. Muuzaji wa kilohezi mia moja tisini na mbili ataitazama kwa huruma. Kwa kazi hii moja ya santuri, sioni sababu ya kulipa zaidi ya hapo.

Juu yake ziko saundi kadi za studio: Behringer UMC202HD karibu dola 90, na Focusrite Scarlett 2i2 karibu dola 200. Hizi zina geini mbili nzuri, moja ya kushoto na moja ya kulia, na biti 24 za kweli. Lakini hazina RIAA, kwa hiyo bado unahitaji amplifaya ya zamani au kikuzaji cha pembeni. Ni ununuzi wa busara kwa mtu anayerekodi pia kwaya au gitaa lake, maana kadi itafanya kazi baada ya santuri kwisha. Kero ndogo ni kulinganisha geini mbili kwa mkono. Santuri nyingi za hapa za miaka ya 1960 na 1970 ni za mono, kwa hiyo pande mbili zinapaswa kuwa sawa kabisa: piga wimbo wa mono, zungusha hadi mita mbili zilingane, kisha weka alama kwa kalamu.

Mwishoni mwa ngazi ya bei kuna vinanda vya santuri vyenye USB ndani. Audio-Technica AT-LP60XUSB ni kama dola 200. AT-LP120XUSB inakaribia 400, yaani shilingi milioni moja. Kwa mtu ambaye hana kinanda kabisa, hii si anasa, kwa sababu kinanda lazima kinunuliwe hata hivyo. Ya bei ya chini inazungusha 33 na 45 tu. Ya juu ina 78 pia, na mwenye sahani nzito za enzi za HMV, zile ambazo Siti binti Saad alikwenda Bombay kuzirekodi mwaka 1928, ataihitaji, pamoja na sindano nene ya 78 inayouzwa kando. Zote mbili hazina voliumu ya upande wa USB. Sauti inatoka kwa kiwango alichopanga mtengenezaji, ambacho kwa kawaida kiko chini kidogo kwa usalama. Kama unaweza, nenda dukani na santuri yako yenye kelele kuliko zote, mwombe muuzaji aipige, irekodi dakika mbili, angalia vilele. Akikataa, nenda duka jingine. Zile za kisanduku cha begi, za rangirangi, zenye kichwa cha kauri na spika ndani, ziache ziwe pambo.

Tahadhari kwa wanaoletewa zawadi na ndugu wa Marekani: kule umeme ni volti 120 na hezi 60, hapa ni 230 na hezi 50. Kinanda cha zamani chenye mota inayofuata hezi, hata ukikiwekea transfoma ya kupunguza volti, kitazunguka kwa kasi ya tano ya sita. Mizunguko 45 itakuwa 37 na nusu, na mwimbaji atasikika kama amekunywa dawa ya usingizi. Vinavyotumia adapta ya umeme wa moja kwa moja havina tatizo hilo; badilisha adapta tu.

Sasa hesabu ya santuri kwa santuri. Ukiwa na santuri 40, kadi ya 88,500 inakugharimu kama shilingi 2,200 kwa kila moja, na baada ya hapo ukimwazimisha jirani inashuka. Ukiwa na santuri tano za marehemu babu, usinunue kitu. Peleka studio, au kwa fundi anayefanya kazi hii, ulipe kwa kila upande. Kwa studio nyingi za Mwanza hii ni kazi ya nadra, zimezoea kurekodi kwaya na vijana wa bongofleva, kwa hiyo uliza mambo mawili kabla ya bei: una kikuzaji cha RIAA? na, kiwango utakiweka kwa upande upi? Akijibu "tutaangalia tu mita", mwombe asikilize sehemu ya 2 kwanza.

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe ya kuweka kiwango, uwe umelipa elfu tano au milioni. Safisha santuri. Piga chemko. Zungusha voliumu hadi kilele kikali zaidi kifike desibeli 6 chini ya sifuri kama kadi ni ya biti 16, au 12 chini kama ni ya biti 24. Kisha ondoa mkono. Pande zote mbili zirekodiwe kwa kiwango hichohicho, bila kugusa, ili magitaa yatakapoungana na maneno yasiruke. Ukimaliza, ndipo unaupandisha wimbo mzima, sehemu ya 1 na 2 kwa pamoja, hadi desibeli 1 chini ya sifuri.

Mikwaruzo itakuchanganya. Mkwaruzo mmoja mkali unaweza kuruka juu ya muziki wote na kuwasha taa nyekundu. Usiufukuzie. Ukishusha voliumu kwa ajili ya kila mkwaruzo utaishia kurekodi kimya. Mkwaruzo ukikatwa hakuna hasara, utaondolewa baadaye kwa programu hata hivyo. Kilicho muhimu ni kilele cha gitaa, besi na sauti ya mwimbaji. Sikiliza kwa hedifoni wakati unatazama, utajua taa imewashwa na nini.

Mvumo wa umeme nao watu huutibu kwa voliumu, kimakosa. Unaposikia mmm ya chini isiyokoma, funga waya wa ethi wa kinanda kwenye skrubu ya amplifaya, halafu chomoa chaja ya kompyuta mpakato urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo hupotea papo hapo. Umeme wa TANESCO ukikatika katikati ya upande, rudia upande mzima, usiunganishe vipande.

Kwa santuri za mono kuna bonasi ya bure. Rekodi kwa stereo, kisha ziunganishe pande mbili kuwa moja ndani ya Audacity. Muziki uko sawa kushoto na kulia, lakini mikwaruzo mingi haiko sawa, kwa hiyo muziki unabaki na kelele inapungua kama desibeli 3. Audacity yenyewe haiuzwi.

Kuna anayeuliza kama inafaa kujisumbua wakati nyimbo zimejaa YouTube. Kwa majina makubwa, pengine haifai. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, zimetolewa upya mara nyingi, na D. O. Misiani, mzaliwa wa mwaka 1940 wa hapa kwetu karibu na Shirati, aliyevuka mpaka akajenga jina la Shirati Jazz Kenya hadi kifo chake mwaka 2006, ana albamu zilizotolewa hata Uingereza. Angalia kwanza, kununua nakala safi kunaweza kuwa rahisi kuliko kadi. Lakini santuri ndogo za Nairobi, ambako bendi nyingi za Tanzania zilichapiwa kazi zao, zilitoka kwa mamia ya majina, na zilizopanda mtandaoni nyingi zimerekodiwa na mtu aliyeacha mita ikiwa nyekundu mwanzo hadi mwisho. Zisikilize. Kujitengenezea nakala yako nyumbani ni jambo moja. Kuchoma nakala na kuziuza stendi ya Nyegezi ni jingine, na hapo kuna COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki.

Unapomlipa mtu, sharti la malipo liwe faili la WAV ambalo halijaguswa, pamoja na MP3 ya kusikiliza. Wengi watakupa MP3 peke yake, iliyokwisha kupandishwa sauti na kuondolewa kelele kwa nguvu, na hutaweza kurudi nyuma. WAV ya stereo ya biti 16 na kilohezi 44.1 inakula kama megabaiti 10 na nusu kwa dakika. Santuri ya 45 yenye dakika nane pande zote mbili ni megabaiti 85 hivi. Santuri 50 ni kama gigabaiti 4 na robo. Nenda na flashi yako mwenyewe ya gigabaiti 32, tupu, na ufungue faili moja pale pale dukani, uvute mchoro wa mawimbi kwenye sehemu ya 2 kabla ya kutoa hela.